Zinki Iliyopakwa Rangi

Shemeji yangu Kioo ni mtu wa kujisifu, na ninasema hivyo kwa mapenzi, maana mume wa dada yako usipomtania, utamtania nani. Jina hilo alipewa na mafundi rangi wenzake. Ubavu wa chombo ukishatoka mikononi mwake unaweza kusimama mbele yake ukanyoa ndevu. Yeye ndiye msimamizi wa rangi katika karakana yetu ya kutengeneza vyombo vya majini. Mimi ni mtunza stoo: brashi, msasa, misumari, vyote vinapita dirishani kwangu. Binti yake, ambaye kwangu ni kama wa kumzaa, ni msimamizi wa kazi za vyuma, na watu wanamwita Cheche kwa sababu ya kuchomelea. Kwa hiyo tuko watu wa nyumba moja katika kazi moja, jambo ambalo wengi walituonea wivu mpaka siku lilipoharibika.

Liliharibika asubuhi kilipovutwa nchi kavu kivuko cha abiria. Kilikuwa kimetoka kwetu mwaka uliotangulia, kimepakwa upya chote na kufungwa rafadha mpya ya shaba, ile panga ya nyuma inayosukuma chombo. Sasa nahodha alikirudisha akisema kinaingiza maji kwa nyuma. Fundi mmoja akachukua nyundo, akagonga chuma karibu na rafadha, na nyundo ikazama kama kwenye boga bovu.

Chuma kilikuwa kimeliwa, vishimo vishimo, vingine vya kuingia kidole, na kimoja kilikuwa kimetokeza ndani kabisa. Mwenye karakana, tunayemwita Tajiri, alikuja na kikombe chake cha chai mkononi. Alitazama lile tundu muda mrefu. Kivuko kile hubeba watu, na asubuhi hubeba watoto wa shule, na kila aliyesimama pale alikuwa anawaza hilohilo.

"Nataka kujua ni kazi ya nani," alisema.

Mtu mwenye busara angekaa kimya. Shemeji yangu akasogea mbele.

"Tajiri, kwanza niangalie mimi upande wangu." Akachukua tindo, akaanza kukwangua tope na magamba ya baharini karibu na rafadha, mpaka vikaonekana vile vipande vya zinki, vinene kama matofali madogo, ambavyo Cheche huvifunga kwenye chuma cha chini. "Tazama. Wengine huviacha hivi uchi kama yatima. Mimi nilivisafisha, nikavipiga rangi ya msingi, halafu nikavipaka tena na tena. Vimekaa majini mwaka mzima na vipo kama vimetoka stoo jana. Si kweli, shemeji?"

Aliniuliza mimi, na mimi nikasema ni kweli, maana ilikuwa kweli. Kona zilikuwa kali vilevile nilivyomkabidhi Cheche kwa mkono wangu.

Tajiri alipitisha kidole kwenye ile rangi. "Kila mtu humu ndani angefanya kazi kama mzee huyu, tusingekuwa tunaangaliana hivi," alisema. Kisha akamgeukia Cheche. "Chuma ni chako. Nini kimetokea?"

Mimi nilikuwa namtazama mtoto. Alikuwa amezitazama zile zinki, na uso wake ulikuwa umeshuka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona hata siku ya msiba. Alifungua mdomo. Akamtazama baba yake, ambaye bado alikuwa anapangusa zinki kwa kiganja, huku mafundi rangi wake wote wamejipanga nyuma yake. Akaufunga.

"Kazi ya vyuma ni yangu," alisema. "Kabla hakijashuka majini nilipaswa kukikagua. Sikukikagua."

"Basi?"

"Basi."

Tajiri akamwaga chai iliyobaki chini. Akasema kuanzia siku ile Cheche atagonga kutu pamoja na vibarua, na kivuko kikirudi majini, na yeye atakuwa amemaliza kazi pale. Hakupaza sauti. Angepaza, labda ingekuwa nafuu.

Nitasema ukweli, niliona aibu. Niliona aibu ya mtoto wetu kusimama vile mbele ya vibarua. Na nilimkasirikia, maana mimi ndiye niliyempigia debe kwa Tajiri alipotoka chuoni.

Jioni nilikwenda kwa dada yangu. Kioo alikuwa amekaa sebuleni na nguo za kazi, jambo ambalo dada haliruhusu, na dada hakusema neno. Cheche aliingia, akasalimia, hakuitikiwa.

"Umenivua nguo mbele ya watu," baba yake alisema. "Miaka yote hii natembea kichwa juu. Leo nimepita langoni nikiangalia viatu."

"Nisamehe, baba."

"Ulisoma nini kule chuoni? Watoto wa watu wangezama. Mimi niliyesoma kwa brashi, kazi yangu ipo pale, nzima. Ya kwako imeoza."

"Nisamehe."

"Angalau ungesema sababu. Mtu akikosea ana sababu."

Cheche alimtazama. Nilidhani atalia, lakini macho yalikuwa makavu. Akasema hana sababu, akaenda jikoni. Nilimfuata, nikamkuta amesimama mbele ya ndoo tupu.

"Mwanangu, mbona unajikaanga kwa mafuta yako mwenyewe? Kama zinki zilikuwa mbovu, sema zilikuwa mbovu. Zimetoka stoo kwangu, nitabeba nami."

"Hazikuwa mbovu, mama mdogo. Zilikuwa nzuri sana." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Acha tu."

Nikaacha, nikiamini kiburi cha baba kimehamia kwa binti.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kutazama. Cheche alivaa miwani ya vibarua, akalala chali chini ya kivuko akigonga kutu, na vumbi jekundu likimwagikia shingoni. Wale aliokuwa akiwapa kazi sasa wanampa nyundo. Baba yake alikuwa akifanya kazi hatua chache tu kutoka pale, anapaka boti ya doria, na kila alipohitaji kupita upande ule alizunguka karakana nzima ili asimpite. Kwa dirisha la stoo niliwaona wote wawili. Dada yangu alinipa chakula cha Cheche nimpelekee, kwa siri, kana kwamba mtoto yuko kifungoni.

Kisha likavutwa tishari la mizigo.

Tishari lile lilikuwa kazi ya fundi rangi mwingine, mtu mmoja mvivu anayeitwa Kesho, kwa sababu ukimuuliza lini atamaliza ndilo jibu lake. Kioo humtumia Kesho kama mfano. Mafundi wapya huwapeleka kwenye kazi ya Kesho na kuwaambia, mkitaka kujua rangi isivyopakwa, njooni hapa. Kwa hiyo tishari lilipokauka, aliteremsha brashi, akaenda kujiburudisha. Mimi nilikuwa nimepeleka gunia la matambara, nikasimama.

Rangi ya Kesho ilikuwa inabanduka kama ngozi ya viazi. Kioo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya kivuko. Akainama kwenda nyuma, kwenye rafadha, nayo ya shaba kama ile ya kivuko. Akaweka kiganja kwenye chuma.

Akakitoa. Akakiweka tena.

Shemeji yangu anaijua sura ya chuma kwa mkono kuliko kwa jicho. Nikaona anapapasa kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Chuma kilikuwa laini. Hakukuwa na kishimo. Halafu akaziona zinki za tishari: zilikuwa zimeliwa mpaka zimebaki vijipande, vya mviringo na vyembamba, kama mche wa sabuni uliobaki kidogo wa kufulia soksi, na zimeota unga mweupe. Hazikuwa na hata tone la rangi.

"Kesho," aliita.

Kesho alikuja polepole.

"Hizi mbona hukupaka?"

"Nilikatazwa."

"Na nani?"

"Na binti yako. Nilikuwa nimeshachovya brashi. Alinifukuza na nyundo, akasema nikizigusa atanichomelea mlango wa choo." Kesho akacheka. "Kasema zinki lazima ibaki uchi, iliwe yenyewe, chuma kipone. Ukiipaka umeiua. Huyo mtoto ana domo, lakini ona, tishari ni zima."

Kioo hakucheka. "Aliwaambia na wengine?"

"Anawaambia wote wanaopaka chini."

"Mimi hajaniambia."

Kesho alimtazama kwa mshangao wa kweli, bila nia mbaya, na hilo ndilo lililochoma.

"Wewe? Wewe nani anakwambia kitu?"

Nilitamani ardhi ipasuke, inimeze mimi na lile gunia. Maana na mimi nilikumbuka papo hapo kile ambacho Kesho alikuwa anakisema. Cheche alipoajiriwa tu, ililetwa boti ya alumini, na baba yake alikuwa tayari kuipaka ile rangi yenye shaba inayozuia magamba. Cheche alimwambia, kwa adabu kabisa, kwamba shaba na alumini havipatani majini, boti itatoboka. Alimwambia mbele ya mafundi wake. Kioo aliweka brashi juu ya kopo, akanawa mikono, akaenda nyumbani katikati ya siku. Akakaa majuma hasemi na mtoto, mpaka dada yangu akapiga magoti. Rangi ikabadilishwa kimyakimya, na tangu hapo hakuna aliyemwambia tena neno, na kila mtu akaliita hilo heshima.

Sasa Kioo alisimama pale karibu na tishari, mkono kwenye zinki iliyoliwa, na nikaona inavyomwingia polepole. Siku ya kivuko alikuwa amesimama mbele ya watu wote akionyesha kosa lake kwa kidole, akiliita sifa. Binti yake alikuwa amesikia. Na alikwenda nyumbani akamwambia yule binti kwamba amemvua nguo.

"Shemeji," aliniambia, "nimesema nini mimi jioni ile?"

"Ulisema mengi," nilijibu, na hapo nami nilijisikia vibaya, kwa sababu niliyasikia yote na nikaona mtoto anastahili kuambiwa.

Sikutegemea aende kwa Tajiri. Nilidhani atazunguka, kama alivyozunguka karakana. Lakini alipiga moyo konde, akaenda moja kwa moja, kofia mkononi, na mimi nikamfuata kwa kisingizio cha kuomba saini ya matambara.

"Tajiri, kivuko niliharibu mimi. Zinki haipakwi. Mimi niliipaka."

Tajiri aliweka kalamu chini. Alimtazama kwa macho ya upole sana, nikajua mambo yameharibika.

"Mzee wangu," alisema, "nina binti na mimi. Ningefanya hivyohivyo."

"Sikudanganyi."

"Chombo kinaoza kwa sababu kimepakwa rangi vizuri? Hilo nimwambie nani anielewe?" Akainuka, akamshika bega. "Mwenyewe alikiri. Nakuheshimu kwa kuja. Sasa nakuheshimu zaidi."

Kufika mchana habari ilikuwa imezunguka karakana nzima: Kioo kajitwika kosa la mwanawe. Vibarua wakampisha njiani. Mmoja akamwambia, mzazi ni mzazi, mzee. Mke wa nahodha, aliyekuja kukitazama kivuko, akamshika mkono wake kwa mikono miwili. Sijawahi kuona mtu akisifiwa huku anaumia namna ile. Kila sifa ilimfanya apungue, mpaka alipofika dirishani kwangu alikuwa ameinama kama amebeba saruji.

"Nimekwenda kusema kweli nimerudi na heshima mpya," alisema. "Nifanyeje?"

"Aliyeielewa kweli hiyo yuko chini ya kivuko," nilimwambia. "Kamuulize."

Alitembea, safari hii bila kuzunguka. Mafundi rangi wake walikuwa wanakunywa chai kando ya kivuko. Alipiga goti kwenye vumbi jekundu, akainama mpaka akamwona Cheche.

"Mwanangu, nieleze habari ya zinki."

Cheche alivua miwani. Aliwaona wale mafundi. "Baba, tutaongea nyumbani."

"Hapahapa. Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua."

Cheche akatoka, akakaa juu ya debe. Mwanzoni alisema kwa sauti ndogo, akimkwepa baba yake macho, lakini kazi ilipomshika akasahau kuogopa.

"Metali hazifanani tabia, baba. Kuna zenye haraka ya kuliwa na kuna zisizojali. Dhahabu itie kwenye maji ya chumvi maisha yako yote, haina habari. Shaba inaota ukijani juu, inaishia hapo. Chuma kinapata kutu, na kutu yake haishiki, inabanduka, ndiyo maana inazidi kula ndani. Zinki ina haraka kuliko chuma."

"Na alumini? Sufuria za mama yako zina umri wako."

"Alumini ina haraka kuliko hata zinki."

"Usinitanie."

"Kweli. Ila ikiguswa na hewa tu inajivika ngozi nyembamba, ngumu, inayong'ang'ania. Mama akiikwangua kwa majivu, inavaa nyingine palepale. Ngozi hiyo ndiyo inayoikinga."

"Kumbe ina akili."

"Haina akili. Ndivyo ilivyo." Alitabasamu kidogo, kisha akaendelea. "Sasa zifunge mbili pamoja ndani ya maji ya chumvi. Yenye haraka ndiyo inayoliwa, na nyingine inapona. Tulipofunga rafadha ya shaba kwenye chuma, chuma ndicho kikawa chenye haraka. Popote rangi ilipokwaruzika, kinaliwa pale, tena upesi kuliko kingekuwa peke yake. Ndiyo tunaweka zinki. Zinki ikiwepo inaliwa yenyewe, chuma na shaba vinakaa salama. Lakini lazima iguse maji. Ikifunikwa, ni kama haipo."

"Kwa hiyo zinki ikitoka majini nzima..."

"Haijafanya kazi."

"Na nilivyoipaka mimi, maji hayakupata hata pa kupenya."

"Hata kidogo."

"Angepaka Kesho?"

Cheche aliinamisha macho. "Ya Kesho ingebanduka, baba. Kivuko kingepona."

Mafundi rangi waliangalia chai zao. Mmoja alikohoa. Kioo aliendelea kutikisa kichwa juu chini, taratibu, kama mtu anayekubaliana na hakimu.

Cheche ndiye aliyesema kwamba Tajiri haamini maneno, bali ataamini macho. Alikuja stoo, akanikopa chupa mbili za jamu, akazijaza maji ya chumvi. Akachukua misumari miwili mipya, akaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa. Akakata vipande viwili kutoka zinki moja, akabana kimoja kichwani mwa kila msumari. Kimoja kibaki wazi. Kingine apake baba yake, zinki tu bila msumari, kama alivyopaka kule.

"Ukiacha pengo, hata dogo, zinki itaanzia hapo na msumari utapona," alimwambia. Akaenda kugonga kutu. Hakusimama kumlinda.

Kioo aliifanya kazi hiyo juu ya meza yangu, kwa brashi nyembamba ya kuandikia majina ya vyombo. Alipaka, akaacha ikauke, akarudia. Katika safu ya mwisho aligeuza msumari kwenye mwanga, na sote wawili tukaona: kwenye kona, pale zinki ilipojikunja, palikuwa na mstari mdogo uliobaki unang'aa, mfupi kama ukucha wa mtoto.

Brashi ilisimama hewani.

Nilijua anachokiwaza kwa sababu na mimi nilikuwa nakiwaza. Msumari ukipona, rangi yake haina kosa. Atabaki Kioo yuleyule, tena mwenye heshima ya baba aliyetaka kujitoa kwa ajili ya mwanawe. Hatahitaji kusema uongo wowote. Cheche ataondoka, ndiyo, lakini ni kijana, ana cheti, atapata kwingine. Yeye kwa umri wake angepata wapi jina jingine?

"Shemeji," nilisema, na mpaka leo sijui ulimi ulitoka wapi, "hapo padogo hakuna atakayepaona."

Aliniangalia. Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia.

"Mimi napaona," alisema. Akachovya brashi, akafunika.

Chupa zilikaa juu ya meza ya Tajiri. Siku ya pili yake tu maji ya moja yalianza kugeuka rangi. Mwisho wa juma Tajiri alituita wote uani, akaziweka juu ya pipa ili kila mtu aone. Katika chupa ya zinki isiyopakwa msumari ulikuwa bado unang'aa, na zinki yake imechakaa, imejaa unga mweupe. Katika chupa ya pili msumari ulikuwa umevimba kutu, maji yamekuwa kama chai ya rangi, na zinki iko pale juu, nzuri, laini, haina kasoro.

Tajiri aliutoa ule msumari kwa koleo. Akaigeuza zinki akitafuta tundu, kona kwa kona.

"Hii rangi nani kapaka?"

"Mimi," alisema Kioo.

"Kama kwenye kivuko."

"Kama kwenye kivuko."

Tajiri alivuta pumzi. Alimwambia Cheche arudi kwenye kazi yake, akaongeza, kwa shida, kwamba yeye mwenyewe alipaswa kumsikiliza mzee siku ile ofisini. Kisha akamuuliza, "Lakini mbona hukusema? Ungefukuzwa hivihivi."

Baba yake ndiye aliyejibu.

"Aliogopa kuniaibisha. Na kabla ya hapo aliogopa kunifundisha." Akageuka, akawatazama mafundi rangi wake, wale waliopaka naye miaka na miaka, waliomshikia makopo alipokuwa chini ya kivuko. "Na nyinyi? Mlijua kwamba zinki haipakwi?"

Mmoja alianza kuchunguza vidole vyake. Mwingine akatazama juu kana kwamba mvua inakuja.

"Nauliza."

"Tulijua, mzee," alisema yule mkubwa wao. "Tulijua tangu zamani."

Nilimwona anavyoipokea. Angekasirika ningeelewa. Angeondoka, kama kawaida yake, tungeelewa wote, na tungempisha. Alitafuta kwa macho mahali pa kukaa, akaona debe tupu, akalivuta, akakaa mbele yao, chini kuliko wote.

"Kuna kingine?" aliuliza.

Wakatazamana.

"Ngazi yako ile ya mbao," mmoja alisema mwishowe. "Imepasuka. Tunaishika kwa chini ukipanda."

"Na msingi ukipakwa asubuhi yenye umande haushiki," alisema mwingine. "Huwa tunarudia ukishaondoka."

Wakaendelea, mmoja mmoja, kwanza kwa woga, halafu kwa haraka, kama bomba lililofunguliwa. Kioo alisikiliza kila mmoja mpaka mwisho, akasema "haya", akamtazama anayefuata. Mimi nilitazama chini, kwa sababu na mimi nilikuwa na langu la kumwambia, na nilijua sitalisema pale. Walipomaliza wote, akamgeukia binti yake.

"Na wewe?"

"Mimi sina la kazi, baba."

"La nini?"

Cheche alishika miwani yake kwa mikono miwili. Sauti ilikuwa ndogo lakini uani kulikuwa kimya, na sote tulisikia.

"Nakuogopa. Tangu mdogo. Mama pia anakuogopa."

Kioo akainama pale juu ya debe, mbele ya Tajiri, mbele ya mafundi wake na mbele yangu mimi shemeji yake, akalia, na hakuficha uso.